Sheria Ikisomeka Namna Mbili: Jinsi Kanuni za Kulinda Barua Pepe Zinavyokaguliwa

Tuanze nyumbani, msikilizaji. Tuchukulie kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 30. Katika katiba yao wameandika hivi: "Inafaa tangazo la kikao libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na kwenye ubao wa sokoni. Ni lazima libandikwe angalau kwenye ubao mmoja."

Katibu akabandika tangazo ofisi ya kijiji peke yake. Hajavunja katiba, maana ubao mmoja unatosha. Mama mmoja anayeuza nyanya hupita sokoni kila siku. Alitazama ubao wa pale, hakuona kitu. Naye hajavunja katiba, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa mwanachama asome ubao upi. Siku ya kikao hakuonekana, akapigwa faini.

Nani mwenye kosa hapo? Katibu amefuata katiba, na mama wa nyanya amefuata katiba, lakini tangazo halikumfikia aliyelengwa. Kosa limo ndani ya sentensi yenyewe.

Kosa la aina hiyo hiyo liliwahi kuingia katika kanuni zinazosaidia kuzuia matapeli kutuma barua pepe kwa jina la mtu mwingine. Liliandikwa mwaka 2006, na likaondolewa rasmi mwaka 2014. Katika makala haya tunaeleza lilivyotokea, jinsi wahandisi wanavyosoma rasimu ya kanuni ili kuyakamata makosa kama hayo mapema, na wewe unaweza kujifunza nini.

Kwa nini jambo hili linamhusu mwenye simu

Huenda ukasema: mimi natumia ujumbe mfupi na WhatsApp, barua pepe ni mambo ya ofisini. Lakini simu nyingi za Android, ukiiwasha mara ya kwanza, zinakuomba akaunti ya Google, na akaunti hiyo huja na anwani ya barua pepe. Wengi wetu tuna anwani hiyo hata kama hatuifungui. Kijana akiomba kazi au nafasi ya chuo, mara nyingi majibu huja kwa njia hiyo. Chama cha ushirika kikiwasiliana na mnunuzi wa kahawa au korosho aliye nje ya nchi, bei na namba ya akaunti ya kulipia hupita humo.

Sasa fikiria barua inayodai kutoka kwa mnunuzi huyo, ikisema: "Tumebadilisha benki, tumieni akaunti hii mpya." Jina ni lile lile, anwani ni ile ile. Utajuaje kama ni yeye?

Ugumu huu ni wa tangu zamani. Kanuni za kusafirisha barua pepe kati ya kompyuta na kompyuta ziliandikwa mwaka 1982, wakati watumiaji walikuwa wachache na wengi walifanya kazi katika vyuo na taasisi za utafiti. Hakuna sehemu iliyomtaka mtumaji athibitishe kuwa ni yeye. Ilikuwa kama bahasha ya posta: nyuma yake unaweza kuandika jina lolote, na posta wataipeleka tu.

Kinga tatu

Baada ya barua za uongo kuwa nyingi, wahandisi walitunga kinga tatu. Tuzieleze kwa ufupi.

Ya kwanza inaitwa SPF. Mwenye kikoa, yaani yule mwenye jina linalokuja baada ya alama ya @ kwenye anwani, anatangaza hadharani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Tangazo hilo huwekwa katika DNS, ambayo ni kama daftari la umma la majina ya intaneti. Seva inayopokea barua huangalia daftari hilo: je, seva iliyoleta barua hii imo kwenye orodha?

Ya pili ni DKIM. Hii ni kama muhuri. Seva ya mtumaji hugonga kwenye barua muhuri wa kihesabu ambao mtu mwingine hawezi kuuiga. Mpokeaji huukagua, akajua kwamba kikoa kilichogonga muhuri ni kile kilichotajwa, na kwamba sehemu za barua zilizopigwa muhuri hazikubadilishwa njiani.

Ya tatu ni DMARC, iliyochapishwa mwaka 2015. Hii hufanya mambo mawili. Inataka jina unaloliona wewe juu ya barua lilingane na jina lililothibitishwa na SPF au DKIM. Pia inamwezesha mwenye kikoa kumwambia mpokeaji afanye nini barua isipolingana: aiache ipite, aiweke kando pamoja na barua taka, au aikatae kabisa.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka watumaji wakubwa wa barua wawe na kinga zote tatu. Kwa Google, mtumaji mkubwa ni anayepeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye anwani za Gmail. Kwa hiyo kanuni hizi zinachangia kuamua kama barua ya chuo au benki itaingia kwenye kikasha chako au itatupwa kwenye barua taka.

Nani anaziandika

Kanuni hizi haziandikwi na serikali moja wala kampuni moja. Zinatoka IETF, kundi la kimataifa la wahandisi wa intaneti lililoanza mwaka 1986. Halina kadi ya uanachama wala ada ya kujiunga na majadiliano yake ya maandishi. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kusoma rasimu na kutoa maoni, ingawa lugha ya kazi ni Kiingereza.

Rasimu ikiwekwa hadharani huwa na uhai wa miezi sita. Isipofanyiwa kazi ndani ya muda huo, inahesabiwa imekwisha. Ikiendelea, husomwa, hupingwa, hurekebishwa, na mwishoni hutolewa mwito wa mwisho wa maoni. Ikipita, hupewa namba na kuchapishwa. Baada ya hapo maandishi yale hayabadilishwi tena. Kosa likionekana, mtu anaweza kupeleka taarifa ya kosa, na taarifa hiyo huorodheshwa kando. Lakini ili kanuni yenyewe ibadilike, lazima uandikwe waraka mwingine wenye namba mpya.

Ndiyo maana ukaguzi wa rasimu ni kazi nzito. Sentensi mbovu ikishapita, watengenezaji wa programu huanza kuijenga ndani ya mitambo. Kuirekebisha kunachukua miaka.

Lazima, inafaa, si lazima

Wahandisi walikwishaona mapema kwamba maneno ya kuamuru yanaleta mzozo. Hata kwa Kiswahili tunalijua hilo. Ukisema "mwanachama anatakiwa kulipa," mmoja anasikia amri, mwingine anasikia ushauri. Neno "anapaswa" nalo ni hivyo hivyo.

Mwaka 1997, Scott Bradner wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika waraka mfupi unaoweka maana ya maneno hayo katika kanuni za intaneti. Kwa Kiswahili chetu, tunaweza kuyapanga katika madaraja matatu. "Lazima" maana yake hakuna njia nyingine. "Inafaa" maana yake fanya hivyo, isipokuwa una sababu ya msingi ya kuacha na umeshapima madhara yake. "Si lazima" maana yake ni hiari yako kabisa.

Maneno hayo huandikwa kwa herufi kubwa ndani ya kanuni. Lakini je, yakiandikwa kwa herufi ndogo yana nguvu ile ile? Waraka wa 1997 haukulisema hilo waziwazi, na watu wakabishana. Mwaka 2017 ulitoka waraka mwingine kulimaliza suala hilo: maneno yana maana ile maalumu pale tu yanapoandikwa kwa herufi kubwa. Hata waraka wa kuondoa utata ulihitaji kuondolewa utata, tena baada ya miaka 20.

Mbao mbili za SPF

Sasa turudi kwenye kile kisa cha ubao. Kanuni ya SPF ilipochapishwa mwaka 2006 kama jaribio, kulikuwa na aina mbili za mahali pa kuweka orodha ndani ya DNS. Aina ya kwanza, inayoitwa TXT, ni ya zamani. Ni kama ubao wa sokoni, kila mtu hubandika chochote pale. Aina ya pili ilikuwa mpya, iliyotengwa kwa ajili ya SPF peke yake.

Kanuni ikasema, kwa maneno yetu: inafaa mwenye kikoa aweke orodha katika aina zote mbili, na lazima aweke angalau katika moja. Upande wa mpokeaji, ilimruhusu atafute katika aina ya kwanza, au ya pili, au zote.

Ukiisoma haraka, unaona ni kanuni yenye busara, inayompa kila mtu nafasi. Isome tena ukimfikiria katibu na mama wa nyanya. Mwenye kikoa anaweka orodha kwenye aina mpya tu. Mpokeaji anatafuta kwenye aina ya zamani tu. Wote wawili wametimiza kanuni neno kwa neno, na hawakutani. Mpokeaji asipokuta orodha, humchukulia mwenye kikoa kama mtu ambaye hajaweka orodha yoyote. Kinga inakuwa kama haipo, na mwenyewe anaamini amejilinda.

Mwaka 2012 IETF ilichapisha ripoti ya tathmini ya jaribio lile, nayo ilikiri wazi kwamba mpango huo wa kuhama kutoka aina ya zamani kwenda mpya ulikuwa na kasoro. Tafiti zilizowekwa katika ripoti hiyo zilionyesha pia kwamba karibu wote waliochapisha orodha walitumia aina ya zamani. Aina mpya ilitumiwa na wachache mno, na baadhi ya vifaa vya mtandao havikuweza kuishughulikia. Kwa hiyo mazoea ya watu ndiyo yaliyopunguza madhara ya sentensi ile.

Kanuni mpya ya SPF ilipotoka Aprili 2014, utata uliondolewa kwa uamuzi mmoja: orodha iwekwe katika TXT peke yake. Ubao ni mmoja, na kila mtu anajua ni upi.

Muhuri wenye majina mawili

DKIM nayo ilipata tatizo lake. Kanuni yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 2007. Muhuri wa DKIM unaweza kubeba majina mawili. Moja ni la kikoa kilichogonga muhuri. La pili si lazima liwepo, na linaweza kuonekana kama anwani ya mtu au idara iliyo ndani ya kikoa hicho.

Fikiria barua ya shule yenye muhuri wa shule, na chini yake jina la mwalimu. Muhuri unathibitisha nini? Kwamba barua imetoka shuleni, au kwamba mwalimu huyo ndiye aliyeiandika? Mzazi mmoja atasema hivi, mwingine vile.

Wasomaji wa kanuni ya 2007 waligawanyika namna hiyo hiyo. Haikuwa wazi ni jina lipi kati ya yale mawili linalopaswa kukabidhiwa kwa programu inayoamua kama mtumaji anaaminika. Programu mbili zingeweza kuukagua muhuri mmoja, zikakubaliana kwamba ni halali, kisha zikatoa majina tofauti ya mwenye dhamana.

Mwaka 2009 ulitoka waraka wa kurekebisha. Ulisema jina la kikoa ndilo ambalo ni lazima likabidhiwe. Lile la pili ni la hiari, na mpokeaji asidhani kwamba ni anwani halisi ya mtu. Mwaka 2011 kanuni nzima ya DKIM iliandikwa upya, marekebisho hayo yakiwa ndani.

Asilimia ambayo kila mtu aliihesabu kivyake

Mfano wa tatu unatoka DMARC. Kanuni ya 2015 ilimpa mwenye kikoa nafasi ya kuanza pole pole. Angeweza kuomba hatua kali zitumike kwa asilimia fulani tu ya barua zilizoshindwa ukaguzi, tuseme 20 kwa 100, kisha aongeze kidogo kidogo.

Wazo lilikuwa zuri, lakini uzoefu ulionyesha kwamba asilimia hiyo mara nyingi haikutekelezwa sawasawa, isipokuwa ilipokuwa 0 au 100. Kwa namba za katikati, kila programu ilikuwa na matokeo yake. Wahandisi walipoandaa rasimu ya kuandika DMARC upya, waliiondoa asilimia na kuweka alama rahisi ya kusema kama mwenye kikoa bado yumo kwenye majaribio au la. Jibu ni ndiyo au hapana, hakuna hesabu.

Mkaguzi anasomaje rasimu

Ukiviangalia visa hivi vitatu, unaona maswali ambayo mkaguzi mzuri hujiuliza kwa kila sentensi.

Swali la kwanza: nani anafanya? Sentensi ikisema "orodha itaangaliwa," bila kumtaja mwangaliaji, kila mmoja atadhani ni kazi ya mwenzake.

Swali la pili: ikiwa wawili wanatii sentensi hii kila mmoja kwa njia yake, je, watakutana? Hili ndilo swali ambalo lingeikamata sentensi ya mbao mbili. Wakaguzi wengi husoma wakimtafuta mvunja sheria. Kisa cha SPF kinatuonyesha kwamba inabidi kuwatazama pia wale wanaoitii.

Swali la tatu: jambo lisipotokea, itakuwaje? Orodha isipopatikana, muhuri ukiharibika, daftari lisipojibu, mpokeaji afanye nini? Kanuni ikinyamaza hapo, kila mtengenezaji atajaza pengo kwa akili yake.

Swali la nne: kila penye "inafaa," je, msomaji ameelezwa ni wakati gani anaweza kuacha, na akiacha kitaharibika nini? Asipoelezwa, wengi wataacha kwa sababu tu ni rahisi.

Swali la tano: neno moja linatumika kwa kitu kimoja mwanzo hadi mwisho? Ukiita "mtumaji" leo seva, kesho mtu, keshokutwa kampuni, hakuna atakayejua unamsema nani. Katika barua pepe, hao ni watatu tofauti, na tapeli hufaidika pale wanapochanganywa.

Wewe ufanye nini

Kwanza, kwenye simu yako. Ukipata barua inayotaka fedha, namba ya siri au taarifa za kitambulisho, usiishie kwenye jina la mtumaji. Gusa jina hilo uone anwani nzima, na uisome herufi kwa herufi. Kwenye Gmail ya kompyuta kuna pia sehemu ya kuonyesha barua asilia. Ukiifungua, utaona juu yake SPF, DKIM na DMARC, na neno PASS pale ambapo ukaguzi umepita.

Lakini hapa tuelewane vizuri. Kupita ukaguzi hakumaanishi kwamba mtumaji ni mwaminifu. Kunamaanisha tu kwamba barua imetoka kwa kikoa kilichotajwa. Tapeli anaweza kununua kikoa chake mwenyewe, chenye jina linalofanana na la benki kwa tofauti ya herufi moja, akaweka kinga zote tatu, na barua yake ikapita. Kwa hiyo ukiambiwa akaunti ya malipo imebadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya barua.

Pili, ikiwa chama chenu au shule yenu ina kikoa chake, mwulizeni fundi aliyewatengenezea kama ameweka SPF, DKIM na DMARC, na awaonyeshe. Msikubali jibu la "ipo" bila kuona. Wale waliobandika kwenye ubao usiosomwa nao waliamini kwamba ipo.

Tatu, kwenye kikundi chako. Kabla hamjapitisha katiba au sheria ndogo, mpeni rasimu mtu ambaye hakuwepo mlipoijadili. Mwambieni aisome peke yake, kisha aeleze angefanya nini siku ya kikao, siku ya marejesho, na siku ambayo mwanachama amefariki na mkopo wake haujaisha. Mkisikia jibu ambalo hamkulikusudia, msimlaumu msomaji. Rekebisheni sentensi wakati bado ni rasimu, kabla haijamtoza mtu faini.

Na ile katiba ya mbao mbili? Dawa yake ni kama ile iliyotumika kwa SPF. Kikundi kichague ubao mmoja, kiandike: "Katibu lazima abandike tangazo kwenye ubao wa sokoni, siku tatu kabla ya kikao." Hapo mama wa nyanya atajua pa kutazama, na katibu atajua pa kubandika.